Mlinzi Asiyependa Makuu

Mgeni akishuka Kopenhagen, kabla hajapata hata pa kuweka begi lake, ameshaambiwa ni majumba gani ya makumbusho asiondoke bila kuyaona. Ataambiwa aende kwenye sanamu, aende kwenye meli za kale, aende kwenye viti walivyokalia wafalme. Na siku hizi ataambiwa asikose jumba la Ørsholm, lile la tajiri wa sukari aliyekufa akaiachia nchi michoro yake yote ikiwa ukutani. Majarida ya safari yameligundua, kana kwamba siku zote hizo lilikuwa limefunikwa na turubai. Watu wanapanga foleni mpaka barabarani. Wakiingia wanatazama michoro, wanatazama dari, wanapiga picha hata ngazi. Mlinzi wanamwuliza choo kiko wapi.

Mmoja wa walinzi hao aliitwa Bodil Ravnkilde. Aliingia pale msichana wa miaka ishirini na kitu, kwa kazi ya kiangazi kimoja, na kiangazi chenyewe kikawa maisha yake. Alikuwa mrefu, mkavu, nywele anajikata mwenyewe mbele ya kioo cha bafuni, viatu vya soli laini ili asisikike akitembea. Aliishi peke yake mtaa wa Valby, kwenye vyumba viwili. Kulikuwa na mpishi mmoja wa kivuko aliyewahi kumposa, akahamia Norway akisema atamwita akishapata nyumba, na nadhani mpaka leo anatafuta nyumba. Bodil hakumsema vibaya. Alikuwa na ukumbi wake ghorofa ya pili, ukumbi wa michoro ya theluji, na kazini walimthamini. Mwaka ule mvua ilipofurikisha mji na maji kuingia ghala la chini, ni yeye na Preben Munk, mlinzi wa ukumbi wa jirani, waliobeba michoro kifuani wakaipandisha ngazi mmoja mmoja, maji yakiwa magotini. Mkurugenzi alipigwa picha na gazeti. Wao walipewa soksi kavu.

Sasa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo mtu hawezi kunielewa. Huku kwetu hakuna aibu inayozidi ya kujikweza. Mtoto anaambiwa angali ananyonya asije akajiona yeye ni mtu. Kwa hiyo mtu akikaribia siku yake kubwa, iwe ya kuzaliwa au ya kutimiza miaka mingi kazini, huharakisha kusema kwamba hataki kushughulikiwa. Wengine hulipia tangazo gazetini: siku yangu inafika, naomba watu wasijisumbue. Halafu asubuhi ya siku hiyo anaamka mapema, anavaa vizuri, anachemsha kahawa ya kutosha kijiji kizima, na kukaa karibu na dirisha. Na watu wanakuja. Wanakuja na maua, na bendera ndogo za kusimamisha mezani, na wimbo waliomtungia wenyewe, wenye kumtania kila ubeti. Naye analalamika, jamani si nilisema, huku machozi yanamlenga. Kukataa kwetu ni adabu tu, wala si jibu. Watu wa rika la Bodil wote wanalijua hilo, na kwa kuwa wote wanalijua, hakuna aliyewahi kumfundisha mwingine.

Alipotimiza miaka ishirini na mitano kazini, mkurugenzi wa wakati ule, mzee Halfdan Juul, alimwuliza kama angependa sherehe. Bodil akakataa. Mzee akasema sawa kabisa, akaenda zake. Siku ilipofika, Bodil alifungua mlango wa ukumbi wake akakuta watu wote wa jumba, kuanzia wakata tiketi mpaka fundi wa mabomba, na mmoja ana tarumbeta. Wimbo ulisema kwamba ameitazama theluji ya ukutani mpaka akapata mafua. Aliwagombeza mno. Mwezi mzima baadaye alionekana kama mtu aliyetoka likizo.

Mkurugenzi wa sasa, Signe Holmboe, kwa umri angeweza kuwa binti yake. Si mtu mbaya. Ningefurahi angekuwa mbaya, ningejua wa kumkasirikia. Alisoma nje, amehudhuria semina za namna ya kuishi na wafanyakazi, na amejifunza huko kwamba mtu ana mipaka yake na mipaka haivukwi. Akiuliza swali anataka jibu, na akipewa jibu analiamini. Ni tabia nzuri kabisa, na ni kwa tabia hiyo hiyo alimvunja Bodil moyo.

Majani yalipoanza kuchipua alimwita ofisini, akammiminia kahawa yeye mwenyewe. Akamwambia kwamba mwezi ujao anatimiza miaka arobaini, na wenzake wangependa kumfanyia sherehe. Bodil, ambaye alikuwa akiisubiri kahawa hiyo tangu Krismasi, alitazama kikombe.

"Ah, hapana. Msijisumbue na mimi," alisema.

"Una uhakika?"

"Mna kazi za maana kuliko hiyo. Mimi kazi yangu kusimama tu."

Signe akamtazama kwa makini, akaitikia kwa kichwa polepole. "Nimekuelewa, Bodil."

Bodil alitoka mle ofisini nusura aimbe. Nimekuelewa! Hata mzee Juul hakuwahi kulisema vizuri namna ile. Jumamosi alikwenda mjini akanunua blauzi ya hariri, ya bluu, ya kuvaa ndani ya koti la kazi. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya miaka yote hiyo: akampigia simu dada yake, akamwalika aje alione jumba.

Dada yake, Asta, ameolewa na mfugaji huko Jutland, upande wa Skive, ng'ombe wa maziwa wasiohesabika na mume mwenyekiti wa ushirika. Asta harusi yake ya fedha, alipotimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, majirani walimjengea tao la matawi mlangoni, parokia nzima ikamwimbia alfajiri akiwa na gauni la kulalia. Hiyo ni stahili yake, sisemi kitu. Ila Asta alikuwa na msemo wake kuhusu kazi ya mdogo wake, na aliurudia kila Krismasi mbele ya shemeji na watoto: Bodil anasimama kando ya vitu vya watu. Watu walicheka, na Bodil naye alicheka. Hajawahi kumjibu, lakini alikuwa ameuweka moyoni. Sasa alitaka kitu kimoja tu duniani, nacho ni kwamba Asta awe amekaa kwenye benchi la ukumbi ule siku watu watakapoingia na maua. Basi. Asingehitaji kumwambia lolote baada ya hapo.

Kwenye simu hakutaja miaka arobaini. Alisema tu kwamba siku hizi jumba lao linasifiwa sana, njoo ulione. Asta akasema atakuja.

Upande wa pili, Signe alikuwa ameshawaandikia watu wote wa jumba. Alisema Bodil ameomba siku yake ipite kimya, hivyo tafadhali kusiwe na maua, wala wimbo, wala pongezi za kumtia haya. Preben Munk aliposoma hivyo alishika kichwa. Preben ni wa zamani, anayajua yote. Alipanda mpaka ofisini akamweleza mkurugenzi kwamba yule mama anasema tu, watu wote husema hivyo, wewe mfanyie. Signe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kwa upole kama ana maana kwamba mwanamke akisema hapana, wanaume waendelee kujifanya hawajasikia. Preben ana miaka sitini na mitatu. Alitoka pale masikio mekundu na hakulitaja tena jambo hilo kwa mtu.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Bodil aliingia na blauzi yake na keki za lozi alizooka mwenyewe, akazificha nyuma ya maziwa kwenye friji ya walinzi. Asta alifika na treni ya asubuhi, amevaa vizuri kuliko mtu anayekuja kuangalia michoro tu, na pini ya dhahabu ya marehemu mama yao kifuani. Bodil akaiona ile pini, akafurahi. Akamkalisha kwenye benchi la katikati.

Wakaanza kusubiri, kila mmoja akijifanya hasubiri. Asta alitazama theluji za ukutani, akasema kweli nzuri, akatazama tena saa. Ngazini kukasikika vishindo vya watu wengi, na Bodil akanyoosha koti lake. Wakaingia wanafunzi na mwalimu wao. Baadaye akapita kijana wa duka la maua na shada kubwa, la waridi tupu. Bodil alimfuata kwa macho mpaka alipopita ukumbi wake, akapita na wa Preben, akashuka ngazi za nyuma. Kulikuwa na chakula cha wafadhili chini.

"Hapa mna maua mengi," Asta alisema.

"Ndiyo, huwa yanaletwa," Bodil akajibu.

Saa ya chakula walinzi walikaa kwenye chumba chao na mkate wao mweusi na samaki wao wa siki kama siku nyingine yoyote. Mezani hapakuwa na bendera. Preben alisimulia kichekesho cha paka wa jirani yake kwa sauti ya juu mno, kisha akakisimulia tena. Msichana mmoja mgeni kazini alimtazama Bodil akafungua mdomo, na Preben akamkanyaga mguu chini ya meza. Mwishowe Bodil akainuka, akatoa keki.

"Nilikuwa na unga umebaki," alisema. "Kuleni, zitaharibika."

Walikula, wakazisifu. Preben alikula tatu bila kuinua macho. Sijui kama kuna namna nyingine ya kumsikitikia mtu katika chumba ambacho kila mmoja ameamriwa kumheshimu.

Mchana ukapita. Hata hivyo Bodil hakukata tamaa, na hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine yote. Aliwaza kwamba wanangoja jumba lifungwe, wageni watoke kwanza, ndiyo busara. Kengele ya kufunga ikalia. Wageni wakatoka. Akasimama katikati ya ukumbi, mikono mbele, na Asta naye akainuka kutoka kwenye benchi akaiweka sawa pini. Mlango ukafunguliwa, akaingia Signe peke yake, koti mwilini, begi begani, anatabasamu.

"Sikutaka siku iishe bila kukwambia kitu," alisema. "Haikuwa rahisi kunyamaza leo. Watu hapa wanakupenda sana. Lakini uliniambia unachotaka, nikaona nikitimize."

"Asante," Bodil alisema.

"Na ile nishani ya kifalme nayo. Unajua ya miaka arobaini mwajiri ndiye anayemwombea mtu. Karatasi zilikaa mezani kwangu, nikawa najiuliza, je, hii itamfurahisha au itamtesa? Nikasema nimwulize mtu anayekujua kuliko mimi. Nikampigia dada yako."

Bodil akageuka. Asta alikuwa anafunga mkoba wake, na mkoba ulikuwa umeshafungwa.

"Kumbe ndiwe wewe!" Signe akamnyooshea Asta mkono kwa furaha. "Tulizungumza kwenye simu. Ndiye aliyeniambia hupendi makuu, Bodil, tangu utoto. Basi nikaziacha."

"Ndiyo," Asta alisema. "Tulizungumza."

Signe si mjinga, na kitu fulani katika nyuso zile mbili kilimgusa. Tabasamu likapungua.

"Au nimekosea? Niambie tu ukweli. Muda bado upo. Nikizituma kesho, nishani inatoka na sherehe tutaifanya wiki ijayo. Niambie neno moja tu."

Basi mlango ulikuwa wazi, na hakuna aliyeuziba. Alichohitaji kusema ni naitaka. Neno dogo hilo. Bodil aliwaza juu ya mama yao, aliyefua mashuka ya hospitali mpaka vidole vikapinda bila kupewa hata cheti. Aliiona ile nishani kwenye fremu, kwenye ukuta wa Valby juu ya redio. Aliitaka kweli. Lakini kuisema, kwa mdomo wake, kwamba mimi Bodil naona nastahili, na Asta amesimama pale anasikia, na Krismasi ijayo kusimuliwa mezani kwamba mdogo wetu siku hizi anajiombea nishani! Afadhali angevua nguo mbele yao kuliko hivyo.

"Hapana," alisema. "Umefanya vizuri. Ningeona aibu."

Signe alishusha pumzi, akamkumbatia, akawatakia jioni njema. Wakamsikia akishuka ngazi mbili mbili, moyo mweupe.

Bodil alimsindikiza dada yake mpaka stesheni kuu. Kwenye jukwaa, treni ya Jutland ikiwa imeshaingia, Asta akaweka begi chini.

"Kwa nini hukusema?"

"Na wewe je? Uliulizwa kabla yangu."

"Ningesema nini? Jikoni kwangu nina wanawake wa parokia wanakunywa kahawa, wote wametega masikio. Nimwambie bosi wako kwamba mdogo wangu anataka nishani? Angetuona watu gani?"

"Angetuona watu wanaotaka nishani."

"Usinitupie mimi, Bodil. Nilisema kama mtu yeyote anavyosema. Nilijua watafanya tu. Nimevaa na pini ya mama, hukuona? Nilikuja kuona sherehe yako."

Hilo lilikuwa kweli, na Bodil alijua ni kweli. Kama wangeishia hapo, pengine wangekumbatiana na kulia kidogo na mambo yangekwisha. Lakini Asta haumudu ukimya, hasa akijua ana kosa ndani yake. Akaona abadili mazungumzo.

"Haya, yamepita. Mwezi ujao mimi natimiza sabini. Tangazo nimeshaliweka gazetini kwamba sitaki mtu, kwa hiyo watajaa mpaka zizini, unawajua watu wa kule. Njoo siku moja kabla, unisaidie kupanga viti."

"Siji, dada."

"Una zamu?"

"Sina. Umesema hutaki mtu. Nakuheshimu."

Asta akacheka. "Wee, acha utani wako."

"Sitanii."

Kipenga kikapigwa. Asta alipanda na begi lake, akakaa dirishani, uso bado na kile kicheko ambacho hakikujua kiende wapi. Treni ikaondoka. Bodil alidhani atajisikia vizuri, maana ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kumrudishia Asta kitu. Alisubiri raha ije mpaka akafika Valby, na haikuja.

Alitimiza neno lake. Siku ya Asta ilikuwa Jumamosi, naye akaomba zamu ya mtu mwingine, akasimama ukumbini kwake. Sheria ya jumba ni kwamba mlinzi haingii na simu. Siku hiyo aliingia nayo, kwenye mfuko wa koti, imezimwa sauti, na mkono wake haukutoka mfukoni. Alitaka Asta apige aseme njoo. Neno hilo tu, wala si samahani. Kuna treni kila saa, angeondoka na sare yake mwilini na michoro ingejilinda yenyewe.

Kule Skive, nimesikia kwa watu waliokuwepo, walijaa kweli mpaka zizini. Waliimba, walikunywa, mume akahutubia mpaka akalia. Pembeni ya Asta kulikuwa na kiti kitupu, na kila aliyetaka kukikalia aliambiwa kina mtu. Simu ilikuwa mapajani mwake, imefunikwa na kitambaa cha mezani. Mara kwa mara alikifunua kitambaa akaitazama. Hakupiga.